Nyundo Kabla ya Kuondoka

Baba mkubwa aligonga magurudumu ya gari lake kila asubuhi, hata siku ambazo gari halikuwa na safari. Alianza na gurudumu la mbele kushoto, akazunguka kwa nyuma, akarudi mbele kwa upande wa kulia. Mwisho aligonga lile la akiba lililofungwa kwenye mlango wa nyuma. Nyundo yenyewe ilikuwa ndogo, yenye mpini mrefu. Alitoka nayo kwenye karakana ya reli siku alipostaafu. Kule kazi yake ilikuwa kutembea kando ya mabehewa kabla treni haijaondoka na kugonga kila gurudumu. Chuma kizima hulia, chuma chenye ufa hakilii. Kazi hiyo ilimla masikio, na wakati ninaoukumbuka mimi hakuwa akisikia karibu chochote. Alisema mlio huo anausikia kwa mkono, na kwamba tairi nayo ni vilevile: yenye upepo inarudisha nyundo, iliyolegea inaimeza.

Gari lilikuwa minibasi ya zamani. Mhandisi mmoja Mzungu wa mgodini alikuwa ameng'oa viti vya nyuma akaweka kitanda, kabati, jiko la gesi na karai la kuoshea vyombo. Mkataba wake ulipokwisha alimwachia baba mkubwa, aliyekuwa akimtengenezea. Kisha mke wa baba mkubwa akafariki. Mzee alifunga nyumba waliyopanga, akaendesha minibasi hadi kwenye ua wa binti yake hapa Lubumbashi, akaiegesha chini ya ukuta na kulala humo. Aliandaliwa chumba cha nyuma, akakataa. Alikuja na nguo zake, nyundo, na kijibwa kilichokuwa cha marehemu.

Kijibwa kilikuwa cha rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai, miguu mifupi, kizito kama mkungu mdogo wa ndizi. Hicho ndicho kilichomsikilizia mzee. Usiku kililala miguuni pake, na kikisikia kitu kilisimama juu ya miundi yake hadi aamke. Mchana, mtu akiita langoni, kilienda kuweka makucha mawili juu ya kiatu chake. Mzee hakukiita kwa mdomo, maana hakuiamini tena sauti yake. Kilichokiita ni nyundo. Ikigongwa mara ya kwanza, kijibwa kiliruka ndani ya gari na kukaa kwenye kiti cha dereva, kikitazama mbele.

Majirani walipata cha kucheka. Mama mmoja aliyeuza makaa ng'ambo ya barabara alipenda kumwuliza kwa sauti kubwa kama ni yeye Mzungu aliyebaki baada ya wenzake kuondoka: "Muzee, bazungu balishaka kwenda, weye njo ulibakia?" Baba mkubwa aliona tu mdomo ukicheza, akavua kofia na kumsalimu kwa heshima. Wakacheka zaidi.

Mimi nilikaa kwenye ua huo tangu nilipomaliza shule ya msingi. Sikuendelea na masomo. Nilichota maji, nilifagia, niliosha vyombo, na siku nyingine zilipita sijasema maneno kumi. Binti wa baba mkubwa nilimwita Yaya, yaani dada, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Alifanya kazi kwenye dirisha la ofisi moja mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alichoka kusikia baba yake akichekwa.

Mwaka jana, mwisho wa kiangazi, mzee alisema anataka kwenda kwenye mizinga yake ya nyuki. Iko porini, mbele ya Kasomeno kwenye njia ya Kasenga, upande aliozaliwa mke wake. Zamani waliendaga wote wawili, wanalala ndani ya minibasi siku kumi au zaidi, wanarudi na asali. Yaya alikataa. Mzee hakubishana, aliacha tu kuingia nyumbani kula. Siku ya tatu Yaya akanyoosha mikono.

Lakini alikuwa na sharti, na aliniambia mimi. Kulikuwa na bwana mmoja kutoka Kasumbalesa aliyelitaka gari hilo alifanye jiko la kuwapikia madereva wanaosubiri mpakani kwenye foleni ya malori. Alikuja mara mbili kulitazama. Alifungua makabati bila kuomba ruhusa.

"Utaenda naye," Yaya aliniambia, na akanipa daftari la shule. "Utaandika kila siku yenye itapita. Sikuulizi kwa mudomo, mudomo yako naijua. Kama nasoma kintu kibaya kimoja, motokari inaenda Kasumbalesa, na Papa atalala mu chumba cha nyuma."

Asubuhi ya safari, mzee akiwa tayari amekaa kwenye usukani, Yaya alinivuta langoni na kuongeza kwa sauti ya chini, "Na ile nyundo, umuzuie. Bantu ba kule batasema kichwa ya Papa iliharibika."

Nikasema ndiyo. Hilo ndilo neno ninaloliweza.

Aliendesha polepole sana. Kwenye miteremko, baiskeli zilizobeba magunia ya makaa zilitupita. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando yake na kumgusa bega kila lori lilipopiga honi nyuma yetu, naye alisogea pembeni, tukafunikwa na vumbi jekundu, tukangoja lishuke. Kijibwa kililala mapajani mwangu.

Tuliegesha kwenye uwazi mdogo, karibu na kijito chenye majani marefu. Mizinga ilikuwa ng'ambo, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Upande wa nyuma wa gari kulikuwa na kichuguu kikubwa chenye shimo chini yake. Mzee aliniambia ni yule mnyama muhanga aliyelichimba akitafuta mchwa, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kumwona muhanga katika maisha yake yote, mashimo tu.

Usiku wa kwanza kitu kililia juu ya mti kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake. Nilibana blanketi. Kijibwa kikasimama juu ya miundi ya mzee, mzee akaamka, akamulika tochi kupitia dirishani kule kijibwa kilikotazama. Macho mawili mekundu yaliruka kutoka tawi moja hadi lingine. "Komba," alisema, akalala tena. Asubuhi niliandika: Komba. Hakuna kitu. Ilinichukua muda mrefu kuamua kama niandike hata hilo, kwa sababu sikujua kwa Yaya kitu kibaya kinaanzia wapi.

Kuhusu nyundo, kila asubuhi nilijiambia nitamzuia kesho. Kumzuia mtu asiyesikia ni lazima umshike, na sijawahi kumshika mtu mzima.

Siku ya tatu aligonga gurudumu la mbele, na kijibwa hakikuruka ndani. Kilikimbia hadi gurudumu la nyuma, kikarudi, kikaweka makucha yote mawili kwenye kiatu chake. Mzee alisimama na nyundo juu. Hapo nikasikia pumzi nzito chini ya gari, kama mtu anayejaza upepo kwenye tairi ya baiskeli. Alikuwa kifutu, mnene kama mkono wangu, amelala kwenye kivuli cha gurudumu, rangi ile ile ya majani makavu. Hatua mbili zaidi na mzee angemkanyaga. Hatukumwua. Mzee alichemsha chai, tukanywa tukiwa tumesimama mbali, hadi nyoka akajikokota polepole kwenda majanini. Kisha mzee akamaliza kugonga magurudumu yaliyobaki, kwa utaratibu ule ule, kana kwamba hakuna aliyemkatiza.

Niliandika: Kifutu chini ya gari. Aliondoka mwenyewe.

Siku ya sita tuliporudi kutoka kwenye mizinga tulikuta nyani. Walikuwa wamesukuma kioo cha dirisha, wakaingia na kufungua mlango kwa ndani. Unga wetu wa bukari, yaani ugali, ulikuwa umemwagwa kitandani, na dume moja lilikaa kwenye kiti cha dereva, mkono mmoja juu ya usukani, likitafuna mkate. Mzee alikitia kijibwa ndani ya shati lake, akafunga vifungo hadi shingoni. Tukasimama. Dume lilitutazama, likashuka kwa mlango uliokuwa wazi, likaonyesha meno kwa shati lililokuwa likitikisika, likaenda zake.

"Ule njo bwana ya Kasumbalesa," mzee alisema. "Alikuja kujaribu kiti."

Alicheka hadi akakohoa. Tangu msiba sikuwa nimemwona akicheka. Baadaye, tukikung'uta unga, aliniambia nisikiache kijibwa peke yake hata kidogo. Nyani dume, alisema, anapasua mbwa mkubwa kwa mikono kama mkate. Mdogo kama huyu hatamchukua muda.

Niliandika habari ya unga, na meno ya nyani sikuyaandika.

Siku ya kumi ndiyo tuliyopanga kurudi. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha mvua ya kwanza ya msimu, fupi, na alfajiri siafu wakaingia garini. Walipita sakafuni kama kamba nyeusi, wakapanda kitandani, wakatuingia ndani ya suruali. Tulitoka mbio tukijipiga miguu. Tulikung'uta mablanketi, tukapakia ndoo za asali ovyoovyo, vifuniko havijakaa. Vijana wawili wa kijiji cha jirani, waliokuwa wametusaidia kwenye mizinga, walikuwa wamekuja kutuaga. Walisimama pembeni wakitazama.

Mzee akachukua nyundo.

Siafu walikuwa bado wananiuma. Wale vijana walikuwa wanatazama, na mmoja alimwambia mwenzake jambo, wakatabasamu. Nikakumbuka neno la Yaya. Nikamshika mzee mkono, mara ya kwanza maishani mwangu, nikatikisa kichwa, nikamwonyesha barabara. Aliniangalia. Aliangalia siafu waliokuwa wakipanda kwenye kiatu chake. Kisha akaiweka nyundo chini ya kiti, akawasha gari.

Mimi niliingia nyuma kuzishika ndoo, kwa sababu ya vifuniko. Kati ya mbele na nyuma kulikuwa na kabati na pazia, hivyo hatukuonana. Njia yote nilizibana zile ndoo kwa magoti.

Tulipofika Kasomeno mzee alisimama kununua mkate. Alikuja kufungua mlango wa pembeni, akatazama kitandani, akatazama miguuni pangu, akatazama nyuma ya ndoo.

"Iko wapi?"

Nilinyoosha kidole kuelekea kiti cha mbele. Akatikisa kichwa. Nami nikatoka kwenda kutazama mwenyewe, ingawa yeye ndiye aliyekuwa amekaa hapo mwendo wa karibu saa nzima. Kitini kulikuwa na kofia yake tu. Yeye alidhani kijibwa kiko nyuma na mimi, mimi nilidhani kiko mbele na yeye, na kijibwa chenyewe kilikuwa kule porini kinangoja kuitwa kwa nyundo.

Hakuninunia wala hakunilaumu. Aligeuza gari mbele ya maduka, mkate haukununuliwa.

Tukirudi kule porini nilikaa mbele, ndoo nikaziacha. Sasa mapajani mwangu hamkuwa na kijibwa. Ninakumbuka kwamba jambo la kwanza nililolifikiri ni daftari. Niliona ukurasa, nikaona Yaya akiusoma, nikaona yule bwana akifungua makabati. Meno ya nyani yalinijia baadaye kidogo. Baada ya hayo nikafikiri jinsi mzee atakavyolala usiku huo, na usiku wa pili, bila kitu cha kusimama juu ya miundi yake. Hata kama Yaya hatasoma chochote, mtu asiyesikia hawezi kulala peke yake ndani ya gari. Angeingia chumba cha nyuma kwa miguu yake mwenyewe. Lori moja lilipiga honi muda mrefu nyuma yetu kabla sijakumbuka kumgusa bega.

Tulipofika nyani walikuwa pale. Wengine walikaa kwenye majivu yetu wakila maganda, wengine kwenye kichuguu. Gari lilipoingia walisogea kwenye miti bila haraka. Siafu walikwisha kupita. Wale vijana hawakuwapo.

Nilishuka nikaita. Sauti yangu ilitoka ndogo, nikaita tena, nikapiga kelele ambazo sijawahi kupiga. Nyani mmoja alinijibu. Mzee aliuona mdomo wangu umefunguka, akaniwekea mkono begani.

"Kwa mudomo haitakuja," alisema. "Haijazoea mudomo."

Akatoa nyundo chini ya kiti. Akagonga la mbele kushoto. Akatembea, akagonga la nyuma. Hakuongeza nguvu wala hakuharakisha. Akazunguka, akagonga la kulia, la mbele, akarudi hadi la akiba. Kisha akaniangalia usoni, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa na masikio.

"Inakuja?"

Nikatikisa kichwa.

Akaanza tena upya. Mara ya pili aliniuliza kwa macho tu, nami nikatikisa kichwa tena. Nilitazama mkono wake. Ulikuwa umetulia, lakini hatua zake zilikuwa fupi zaidi, na alipofika gurudumu la akiba alilishikilia kidogo kabla ya kuligonga.

Mara ya tatu, alipogonga la nyuma, nilisikia mbweko. Ulikuwa hafifu na ulitoka ardhini. Nilimshika mzee mkono kwa mara ya pili siku ile, nikamvuta hadi kwenye kichuguu. Kutoka kwenye shimo la muhanga ilitokea pua, halafu kichwa chekundu kwa udongo, halafu mwili mzima. Kilikuwa kimeingia kwa kurudi nyuma, ili meno yake yaangalie mlango. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika katikati na damu imeganda. Kilitupita sisi wote wawili kama watu tusiojulikana, kikaruka ndani ya gari na kukaa kwenye kiti cha dereva, kikitazama mbele.

Mzee alikaa chini pale pale kwenye udongo.

Baadaye aliliosha sikio kwa maji ya kijito na kulipaka asali. Alipomaliza alichukua daftari langu juu ya kabati akanipa.

"Andika."

Sikulifungua.

"Ku rail," alisema, "mwenye alikosa njo alikuwa anaandika, na mukono yake. Hata chef, mukubwa ya kazi, hakumwandikia. Na hakuandika kosa ya mwenzake."

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango nikaandika. Mimi huandika polepole, na siku hiyo niliandika polepole kuliko siku zote. Jua lilikuwa limepanda nilipomaliza. Niliandika hivi: Leo siafu waliingia. Mimi nilimzuia baba mkubwa asigonge magurudumu. Mbwa hakuingia. Tulimwacha. Tulirudi tukampata kwenye shimo. Sikio limechanika. Kosa ni langu.

Aliyenituma nimzuie sikumtaja. Kwa sheria ile ya reli, hilo halikuwa langu kuliandika.

Kabla ya kuondoka mzee alizunguka tena na nyundo, ingawa kijibwa kilikuwa tayari kitini.

Yaya aliliona lile sikio kabla hajaniona mimi. Alikuwa ametoka kazini, viatu vya ofisi bado miguuni. Alinyoosha mkono, nikampa daftari, akasoma akiwa amesimama katikati ya ua. Kurasa za mwanzo alizipitia haraka. Ya kifutu ilimsimamisha kidogo. Ya mwisho aliisoma, akafumba daftari, akalifungua tena.

"Hapa unaandika kama ni weye."

"Ndiyo, Yaya."

"Na mwenye alikutuma?"

Nilitazama viatu vyake. Aliingia ndani na daftari, na mpaka leo sijui liko wapi.

Yule bwana wa Kasumbalesa alikuja Jumamosi, safari hii na fundi wake. Yaya alimkuta langoni. Walizungumza hapo hapo, Yaya akiwa ameshika lango lililofunguliwa nusu, na sikusikia walichosema. Fundi alinyoosha shingo kulitazama gari juu ya bega la Yaya. Mwishowe waliondoka bila kuingia uani.

Kesho yake, kabla ya misa, Yaya alikuwa anafua. Beseni lake kubwa lilikuwa limewekwa kwenye kivuli cha gari, limesukumwa hadi kwenye gurudumu la nyuma, na limejaa maji ya sabuni. Mzee alitoka na nyundo. Aligonga la mbele kushoto, kijibwa kikaruka ndani. Alipofika nyuma alilikuta beseni, akasimama, akangoja.

Yaya aliinuka. Kwa kawaida angeniita mimi. Alilishika beseni mwenyewe kwa mikono miwili, likiwa na nguo na maji yote, akalisogeza pembeni, maji yakamwagikia miguu yake. Kisha akarudi kufua.

Mzee akagonga la nyuma. Halafu akazunguka. Ndani, kijibwa kilikaa kwenye kiti cha dereva na sikio lake lililochanika, kinatazama ukuta ulio mbele ya kioo. Siku hiyo hatukuwa na safari.